Deki ya Jeddah

1

Mzee Hoza alikuwa amesimama mbele ya ukuta wetu mkubwa, anamtafuta mkewe.

Sitanii. Mkewe alikuwa hapohapo mbele yake, amejaa ukuta mzima kutoka sakafuni hadi darini, anang'aa kila kidole na kila uzi wa kanga, na bado mzee alikuwa anazungusha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye jamvi.

"Hili bega," alisema. "Hili sikio, na hereni yake. Ngojeni. Uso uko wapi?"

"Panda juu kidogo, baba," Zamzam, binti yake, alimwelekeza. "Sasa kushoto. Umepita. Rudi."

Macho ya mzee yalikuwa yanaondoka. Presha ya macho ilikuwa imeyala kuanzia pembeni kuja katikati, ikamwachia tundu dogo la kutazamia, na daktari alishawaambia kwamba hata hilo tundu litaziba kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana walikuja kwetu, Nyumba ya Picha hapa Tanga, na kanda moja ya video ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee alitaka amwone mkewe mara nyingine kabla giza halijafunga. Mkewe, Mwanamvua, alifariki Zamzam akiwa bado ananyonya, na hakuacha picha hata moja, kwa kuwa hakupenda kupigwa picha. Kilichobaki kilikuwa kanda hiyo, aliyoirekodi mzee mwenyewe wakati wa fungate lao, zile siku saba ambazo bibi harusi hatoki nje na bwana harusi hana pa kwenda.

Mimi naitwa Semeni Kigoda, injinia, na ule ukuta kwa sehemu kubwa ni kazi yangu. Kujishusha sijui, kwa hiyo nitasema kama ilivyo. Kanda za zamani zilitengenezewa vioo vidogo. Ukiileta picha ile kwenye ukuta wa leo ni sawa na kutaka kupika ugali wa shughuli kwa unga wa kikombe kimoja. Panabaki patupu pengi. Mkamilisho, akili ya mashine yetu, ndio unaojaza patupu hapo: unatazama kilichopo, unakumbuka nyuso na nguo zote ulizofundishwa, unamalizia mwenyewe. Sehemu ya rangi niliufundisha mimi. Watu huingia humu na kanda zilizojaa chenga, wakatoka wanalia kwa furaha, na miaka yote hii sijazoea. Kila mara nasimama pembeni nashangaa upya.

"Nimempata," mzee alisema hatimaye.

Alitulia. Kichwa chake kilikoma kuzunguka. Nikasubiri machozi, maana nayajua yanavyoanza.

"Mzuri," alisema. "Ni nani?"

"Baba!" Zamzam aliruka. "Si mama huyo!"

"Mama yako kanga yake ilikuwa kijani. Na jicho lake la kushoto lilikuwa likitazama kwingine, kama lako. Huyu macho yamenyooka kama rula."

Zamzam aliipandisha miwani yake puani. Ilikuwa miwani ya kahawia nzito, ya juani, na alikuwa ameivaa tangu wanaingia. Nilimwona akiivua mara moja tu asubuhi ile, pale mapokezi, alipougeuza ukuta wa pale uwe wa kujitazamia ili apange mtandio wake. Ukuta ulimwonyesha macho yaliyonyooka, kama unavyomfanyia kila mtu aliyepinda mahali, naye akajitazama kwa raha, kisha akaivaa tena miwani kabla hajageuka kwetu. Hakuna anayemiliki kioo cha kawaida siku hizi.

"Ananifariji," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu darasa la kwanza, watoto wakinicheka, ananiambia jicho hili la mama. Sasa leo mama mwenyewe yupo ukutani, tunamwona, na bado anang'ang'ania. Na hiyo kanga ni kisutu chekundu, dada. Nakijua. Kila bibi harusi alivaa kisutu."

"Mimi fundi cherehani," mzee alisema bila kugeuka. Uziwi hakuwa nao hata chembe. "Nimeshona nguo maisha yangu yote. Nisijue rangi?"

Nilikereka, nakiri. Mtu anakuja na kanda iliyooza, unampa ukuta mzima wa mkewe, anakuuliza ni nani. Nikamwuliza kwa ukavu kidogo, "Mzee, rangi hiyo ya kijani uliiona kwenye kanda?"

"Kanda haikuwa na rangi hata siku moja. Ni nyeusi na nyeupe. Kamera niliuziwa mbovu, na yule mwenye duka alinifanyia makusudi kabisa. Dukani kwake ilitoa rangi, wallahi, nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani. Nimefika nayo Tanga, kijivu tupu. Nimemsemea vibaya mtu yule hadi leo."

"Dukani wapi?"

"Jeddah. Nilishona kanzu kule kabla sijaoa. Nikanunua kamera na deki ya kuchezea kanda kwa mpigo."

Nilisahau kukereka. Nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Jeddah," nilisema. "Mzee wangu, yule mtu hukumtendea haki."

2

Deki ilikuwa chini ya kitanda cha mzee, nyumbani kwake Ngamiani, imefungwa kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye kushona, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto mchanga. Zamzam aliivuta, mimi nikaifungua sakafuni. Nilikuwa nimesoma habari za mashine hizi chuoni, sijawahi kugusa hata moja iliyotoka Jeddah. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya Kiarabu na ya Kiingereza, na chini kabisa herufi nilizokuwa nazitafuta.

"SECAM," nilisoma kwa sauti.

"Ndiyo nini hiyo?" Zamzam aliuliza.

Nikawaeleza kama nilivyofundishwa. Enzi zile dunia ilikuwa haijakubaliana namna ya kutia rangi kwenye televisheni. Picha yenyewe, mwanga na kivuli, ilifanana kati ya Jeddah na Tanga. Lakini rangi ilipandishwa juu yake kwa namna ambayo kila upande ulijua ya kwake. Televisheni za hapa zilijua mfumo wa PAL. Kule Jeddah walitumia huu, SECAM. Ukiipa televisheni ya hapa kanda ya kule, mwanga inauona, kivuli inakiona, rangi haielewi, basi inaiacha. Haikuambii kwamba kuna kitu imeacha. Inakuonyesha kijivu, nawe unadhani ndivyo ilivyo.

Mzee Hoza alikaa kitandani pole pole.

"Unasema rangi ipo?"

"Ipo, mzee. Ilikuwepo siku zote. Mlikuwa mnaitazama kwa televisheni isiyoijua."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi la utani, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Yule bwana wa watu," alisema. "Nimemlaani bure. Inabidi nimwombee kila sala sasa, na jina lake silijui."

Zamzam alinitazama kupitia miwani ile. "Na mashine yenu?"

Mashine yetu nayo haikuijua SECAM. Nani angehangaika kuifundisha? Ilikuta alama za rangi isizozielewa, ikaziona uchafu, ikazifuta. Lakini tofauti na televisheni ya zamani, haikuacha kijivu. Ilijaza. Ilitafuta katika kumbukumbu zake mabibi harusi wa pwani wanavaa nini, ikampaka Mwanamvua nyekundu, safi, bila kusita, na mimi niliyeifundisha nikasimama pembeni nikashangilia.

"Mashine yetu ilibahatisha," nilimwambia.

Nyumbani kwangu marehemu bibi yangu, kazi ya Mkamilisho naye, hunisalimia asubuhi na jioni kutoka ukutani, na jioni ile, nilipoingia, alinisalimia kama kawaida. Kwa mara ya kwanza nilishindwa kumwitikia.

3

Tatizo lilikuwa kanda. Siku ya kwanza tulipitisha kionjo tu, kipande kifupi cha mwanzo, pale uso wa Mwanamvua unapopita mara moja kwenye chenga, na nilipofungua mashine baadaye nilikuta unga wa kahawia umejaa kwenye kichwa cha kusomea. Ule unga ndio picha. Kila kitu kinachobebwa na kanda ya video kiko kwenye ule unga, uliogandishwa kwenye utepe wa plastiki, na gundi yake ilikuwa imekufa. Niliwakalisha mzee na bintiye kwenye karakana yangu asubuhi yenye jua, nikafunga mlango, nikawaambia ukweli.

"Kanda hii ina safari moja tu. Ikipita, unga wote unabaki kwenye mashine, utepe unatoka mweupe. Kwa hiyo lazima mchague ipite wapi. Tukiiweka kwenye mashine yetu, Mkamilisho utaimalizia yote, mtapata fungate zima, safi, la kutazama milele. Tukiiweka kwenye deki hii ya Jeddah, mtaona kilichomo, kibichi, na rangi yake, na chenga zake. Mara moja. Basi."

Mikanda ya mpira ndani ya deki nilikuta imeyeyuka kama lami. Nilikuwa nimetengeneza mipya. Na kutoka stoo ya mabaki nilikuwa nimebeba, kwa mikono yangu miwili na mgongo unalia, televisheni ya chogo, ndogo, ya aina iliyojua mifumo yote. Vijana wa mapokezi walinicheka korido nzima. Ilikuwa mezani, imezimwa, na kitako chake kikubwa kimegusa ukuta.

"Si niirekodi kwa simu ikiwa inacheza?" Zamzam aliuliza.

"Simu gani, dada, isiyo na Mkamilisho? Lenzi inamalizia kabla hata wewe hujaona."

"Basi vuta waya kutoka kwenye deki uchomeke kwenye mashine yenu."

"Mashine yetu haina pa kuchomeka waya. Inameza kanda, inasoma yenyewe." Nilisikia aibu nikisema hivyo. "Tulipoitengeneza hatukufikiri kuna mtu angetaka kitu kibichi."

Zamzam alitembea hadi dirishani akarudi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amelea watoto wake na wa ndugu, na hakuwa mtu wa kulialia.

"Mimi nataka ya mashine. Baba, usinielewe vibaya. Wewe unaye kichwani. Wewe ulikaa naye, ukala naye, ukamsikia anakohoa. Mimi nina nini? Sina hata picha ya pasipoti. Ukitazama mara moja na macho yako yakafunga, mimi nabaki na utepe mweupe. Na wajukuu zako je? Niwaambie bibi yenu alionekana siku moja asubuhi, dakika chache, mkiwa shuleni?"

Sikuona kosa katika maneno yale. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

"Lakini dada," nilimwambia, "ukipeleka kwenye mashine, sitaweza kukuambia kipi cha mama yako na kipi changu. Kile kionjo mlichokiona ukutani, sehemu kubwa ilikuwa yangu."

"Potelea mbali. Atakuwa na uso."

"Uso wa nani?" mzee aliuliza, taratibu, kama anauliza saa.

Mzee alijiweka vizuri kwenye kiti, akakunjakunja kofia yake mkononi.

"Mimi nishasema ninachotaka," aliendelea. "Nataka nimwone yeye. Kijani chake na jicho lake. Lakini kanda nilishakupa wewe, Zamzam, siku uliyoolewa, na mtu hatoi zawadi akairudisha. Kanda ni yako. Sema wewe, mimi nitaridhika."

Nilihitaji kufanya kitu na mikono yangu, kwa hiyo nikawasha televisheni ipate moto. Ililia kidogo, ile sauti nyembamba ya juu ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia, kioo kikawaka hafifu, kikapata nguvu, na chenga zikajaa: nyeusi, nyeupe, zinachemka bila mpangilio wowote.

Mzee Hoza aligeuza kichwa mara moja. Akatulia.

"Hiki nini?"

"Chenga tu, mzee. Hakuna kitu bado."

"Naiona yote."

Zamzam aligeuka.

"Naona pembe zote nne," mzee alisema. Alinyoosha kidole kutoka alipokaa, hakuhangaika, akaonyesha pembe ya juu, ya juu nyingine, ya chini, ya chini nyingine. "Hii. Hii. Hii. Hii. Na katikati. Kwa pamoja."

Nilikuwa sijawaza hata kidogo. Sisi tulikuwa tumempa ukuta, tukidhani ukubwa ni ukarimu. Tundu lililobaki machoni mwake lilikuwa sawasawa na kioo cha zamani kilichokaa upande wa pili wa meza. Kila kitu ukutani kwetu alikipata vipande vipande, bega, sikio, hereni, akaambiwa aviunganishe. Na hapa kipo kioo kidogo, cha kuchekwa koridoni, kinachoingia chote machoni mwake bila kubakiza.

Zamzam alikwenda kuchuchumaa kando ya kiti cha baba yake. Aliushika mkono wake akaupeleka kushoto kwa kioo, akauliza, "Hapa kuna nini?" Mzee akajibu, "Kitufe." Akaupeleka kulia. "Maandishi." Kwa muda wote niliowaona humu ndani, alikuwa akimwelekeza: juu, kushoto, umepita, rudi. Sasa hakuwa na la kumwelekeza.

Alibaki amechuchumaa hapo. Nilimwona akifanya hesabu yake, na ilikuwa hesabu ngumu, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

"Weka kwenye deki," alisema. Kisha akaongeza kwa hasira, kana kwamba nimembishia, "Weka basi, kabla sijabadili mawazo!"

4

Niliiingiza kanda. Deki iliipokea kwa mlio wa meno yake ya plastiki, ikaishusha ndani, ikaanza kuufunga utepe kwenye kichwa chake. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe, na nilijua nikikibonyeza hakuna kurudi, kwa hiyo nikajipa sababu ya kuchelewa.

"Mzee, unajua kinachokuja kukaa kwenye kioo hiki si picha?"

"Ni nini?"

"Ni nukta. Nyuma ya kioo kuna mshale mmoja wa umeme, mwembamba, unagonga kioo kwa ndani, na pale unapogonga panawaka. Nukta moja tu. Inakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, inashuka mstari, inarudi, inakimbia tena, mpaka chini. Kwanza mistari ya witiri, halafu inarudi juu kupiga ya shufwa katikati yake. Mara hamsini kwa sekunde. Wakati wowote ule ukiweza kuusimamisha, hutakuta uso pale. Utakuta nukta moja inayowaka na nyuma yake mistari michache inayofifia."

"Sasa uso unatoka wapi?"

"Kwako. Jicho lako ndilo linaloushona."

Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, mtu wa kazi amesikia kazi. "Sindano moja," alisema. "Inashona nguo nzima kabla hujapepesa."

Nilikuwa nimeyajua hayo tangu chuoni, nimeyaandika kwenye mitihani na nikafaulu. Asubuhi ile ndiyo niliyaona. Miaka yote nimejisifu kwamba nimetengeneza mashine inayokamilisha, na kumbe televisheni hii ya chogo ilikuwa inaacha kazi hiyo ya kukamilisha, makusudi, kwa mtu aliyekaa mbele yake. Nikabonyeza.

Chenga zilirudi, zikalala upande, zikapasuka. Picha ilikuja imepinda juu kama karatasi iliyoshikwa na upepo, kisha ikanyooka. Chumba. Kitanda cha kamba chenye shuka lililotariziwa. Mwanamke kijana amekaa ukingoni, ametupa kisogo.

Kijivu. Yote kijivu.

"Haipo," Zamzam alisema. Nilianza kunyoosha mkono kuzima, kuokoa kilichobaki.

Ndipo rangi ikashika. Mifumo hii huchelewa kidogo kupata rangi, na mimi nilikuwa nimesahau. Ilianza kwa mstari mmoja chini, ikatetemeka, ikapanda, ikajaa chumba kile kama maji yanavyojaa ndoo, shuka likawa na maua ya zambarau, ukuta ukawa wa chokaa ya samawati, na kanga ya Mwanamvua, iliyokuwa kijivu tangu siku ilipoingia Tanga, ikawaka.

Nyekundu. Kisutu chekundu, chenye nyeusi na nyeupe.

"Ah!" Mzee Hoza alilipiga goti lake. "Nyekundu! Ni nyekundu jamani!" Alicheka mpaka akashindwa kuketi sawa. "Fundi cherehani mzima mimi! Nimegombana na mwanangu, nimegombana na injinia wa watu, kumbe ni nyekundu! Kijani nilikitoa wapi?"

Nami nilicheka, sikuweza kujizuia, na palikuwa na kiburi kidogo katika kicheko changu, maana mashine yangu ilibahatisha ikapatia. Kisha nikamwona Zamzam. Yeye hakuwa anacheka. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa mtandio na kuunyonganyonga. Nikaelewa. Kama mzee alikosea kanga, aliyoibeba kichwani maisha yake yote na kuapa kwayo, basi kila alichoapa kilikuwa hatarini.

Kwenye kioo, Mwanamvua hakugeuka. Kila kamera ilipozunguka kumfuata, alizungusha bega, akavuta kanga mpaka shavuni. Mkono mnene wenye bangili uliingia kwenye picha ukipunga, mkono wa somo yake aliyemfunda, na sauti ya kike ikafoka, "Zima mtambo wako huo, Hoza! Mwache mwali apumzike!" Sauti nyingine ikacheka kwa nyuma, nzito, yenye mikwaruzo kidogo. Mzee alikaza mkono kwenye kiti.

"Huyo," alisema. "Huyo anayecheka."

Zamzam alisogea akapiga magoti mbele ya meza. Mstari mweupe ulipita juu ya picha, ukafuatwa na mwingine. Nilisikia deki ikianza kulia kwa ndani, na nilijua unga unamwagika. Mlango ulifungwa kwenye ile video, somo ametoka. Kisha sauti ya kijana, karibu mno na kamera, yenye kubembeleza, na ikanichukua muda kutambua ni ya nani.

"Mwanamvua. Nitazame mara moja tu. Sitamwonyesha mtu."

Bega lilitulia. Halafu aliiachia kanga ikashuka, akageuka, akatazama.

Jicho la kulia lilitutazama sisi. La kushoto lilitazama dirishani.

Alikuwa anatabasamu kwa tahadhari, kidevu juu, kama mtu anayesema haya, ona basi, na jicho lile la kushoto limekwenda zake pembeni kwenye mwanga bila kumwomba mtu radhi. Ukutani kwetu halikuwepo. Mkamilisho uliliona kuwa kosa la kanda, mstari uliohama, ukalirudisha katikati kwa upole wote nilioufundisha. Nilisimama pale nikijua kwamba nimenyoosha macho ya maelfu ya watu.

"Baba," Zamzam alisema. "Baba, ni lake."

"Nilikuambia."

"Ni lake kweli."

"Nilikuambia tangu unasoma darasa la kwanza. Kanga nimekosea. Hilo sikukosea."

Mwanamvua alifungua mdomo kusema kitu. Mstari mweupe ulimkata, wa pili ukamkata, picha ikajikunja kutoka chini, rangi ikatoka kabla yake, akabaki kijivu kwa kitambo, akizungumza bila sauti, halafu chenga. Deki ilitoa mlio mkali ikanyamaza. Niliifungua. Utepe ulitoka mweupe, unapenyesha mwanga kama nailoni ya kufungia ubuyu, na unga wote ulikuwa umelala chini, rangi ya udongo.

Nilizima televisheni. Chenga zilijikusanya kwa kasi kuelekea katikati, zikawa nukta moja nyeupe, ile ile iliyokuwa ikikimbia muda wote, sasa imesimama. Ilififia, ikaondoka.

Mzee alikuwa ameegemea kiti, macho ameyafumba mwenyewe, kwa hiari yake. "Nilimwahidi sitamwonyesha mtu," alisema. "Lakini wewe si mtu baki, mwanangu."

Zamzam alikuwa bado amepiga magoti mbele ya meza. Nilitaka kumwambia kwamba kionjo kipo, kwamba nitaufundisha Mkamilisho upya, kwamba nitajaribu. Nilifungua mdomo, kisha nikamwona anainua mkono na kuivua miwani yake, anaikunja, anaiweka juu ya deki.

Kioo cha televisheni ya zamani kikizimwa huwa cheusi na kimebinuka, na hakijafundishwa kitu. Jua la dirishani lilimwangukia usoni, na pale kwenye weusi wa kioo uso wake ulitokea mzima, mdogo, mahali palepale alipokuwa mama yake. Jicho la kulia lilimtazama. La kushoto lilitazama dirishani. Alikisogelea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya mtandio, akatazama tena.

"Tumemaliza?" mzee aliuliza, bado amefumba macho. "Zamzam? Twende nyumbani?"

"Ngoja kwanza, baba," alisema. "Bado namtazama."